Kifungo cha Mguu: Habari za Skii ya Majini

Ewe msomaji, kabla hujaendelea, inama kidogo utazame miguu yako. Ikiwa umevaa viatu vya shule, utaona kamba zake. Ikiwa umevaa kandambili, utaona utepe wa mpira uliopita baina ya kidole gumba na kidole cha pili. Wazee wa pwani walikuwa na mtalawanda, kiatu cha ubao mtupu kisichokuwa na kamba wala ngozi, ila kijiti kimoja kiitwacho msuruaki, ambacho mvaaji alikibana kwa vidole viwili. Mvaaji wa mtalawanda hakuweza kukimbia. Lakini akijikwaa, kiatu kilikwenda njia yake na mguu njia yake, na mtu akainuka salama. Makubadhi yana gidamu na ukanda, nayo huushika mguu zaidi. Akala zilizokatwa katika mpira wa gari hushika zaidi tena, na watu wamechunga ng'ombe na kupanda milima nazo.

Katika viatu hivyo vyote mna shauri moja. Kadiri kiatu kinavyoushika mguu, ndivyo mtu anavyoweza kutenda mengi. Na kadiri kinavyoushika, ndivyo inavyokuwa vigumu kutoka wakati wa kuanguka. Nataka kukusimulia jinsi shauri hilo lilivyowashughulisha watu kwa zaidi ya miaka 100 katika mchezo wa kuteleza juu ya maji, ambao labda umeuona katika picha tu: mtu amesimama juu ya ubao, ameshika kamba, na motaboti yamvuta mbio. Ubao huo huitwa skii, na kile kinachoufunga mguu juu ya ubao nitakiita kifungo. Lugha yetu imelipa neno hilo maana mbili, kitu cha kufungia na hali ya mtu aliyefungwa gerezani, na sijui neno lingine lifaalo zaidi kwa habari hii.

Kabla ya skii palikuwa na mchezo mwingine. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifunga ubao mpana nyuma ya motaboti, na mtu akapanda juu yake kama apandaye mkokoteni. Angalia jambo moja hapo. Boti iliuvuta ubao, na ubao ukambeba mtu. Miguu yake haikuhitaji kufungwa popote, kwa sababu haikuwa na kazi ila kusimama. Katika skii mambo yamegeuzwa: boti humvuta mtu kwa mikono yake, na mtu huivuta skii kwa miguu yake. Mguu ukiachana na ubao, mchezo umekwisha. Basi siku watu walipoiondoa kamba katika ubao na kuitia mikononi mwa mtu, siku hiyo hiyo haja ya kifungo ilizaliwa.

Siku hiyo twaijua. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, Mto Mississippi hupanuka mahali pamoja ukawa ziwa liitwalo Pepin, na kando ya ziwa hilo pana mji mdogo uitwao Lake City. Huko majira ya baridi ni makali, na watu wamezoea kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba. Mwaka 1922 kijana mmoja wa mji huo, Ralph Samuelson, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1903, alijiuliza swali la kitoto: ikiwa mtu aweza kuteleza juu ya theluji, mbona asiteleze juu ya maji? Watu wazima hawaulizi maswali kama hayo, na kwa sababu hiyo hupitwa na mengi.

Kwanza alichukua mbao za pipa, zile zilizopindika, akazifunga miguuni. Zilizama. Akachukua skii za theluji. Nazo zilikuwa nyembamba mno, hazikuweza kubeba uzito wake. Ndipo alipokwenda kununua mbao mbili, kila mmoja urefu wake futi 8 na upana wake inchi 9. Akachemsha maji katika chombo cha shaba cha mama yake, akatumbukiza ncha za mbao humo mpaka zikalainika, kisha akazipinda na kuzibana kwa vibanio, akaziacha zikauke hivyo hivyo zikiwa zimeinuka kama omo ya mashua. Katikati ya kila ubao akatia ukanda wa ngozi wa kupitisha mguu. Kwa kamba alitumia uzi mnene wa madirisha, kiasi cha futi 100, na mshikio wake ulikuwa pete ya chuma. Kaka yake Ben ndiye aliyeendesha boti, nayo haikuwa boti ya fahari: injini yake ilikuwa imetolewa katika lori.

Siku kadhaa alijaribu akashindwa. Boti ilipoondoka, ncha za skii ziliingia chini ya maji, na Samuelson akazifuata. Hata tarehe 2 Julai 1922, siku moja kabla hajatimiza miaka 19, alibadili namna ya kukaa. Aliegemea nyuma ndani ya maji, akaziinua ncha za skii juu ya uso wa ziwa, akamwashiria kaka yake. Boti ikavuta, maji yakazisukuma skii kutoka chini badala ya kuzizamisha kutoka juu, akainuka, akasimama. Hiyo ndiyo njia ambayo kila mwanafunzi wa mchezo huu hufundishwa hata leo.

Sasa na tuutazame ule ukanda wake wa ngozi. Ulipita juu ya mguu tu, na kisigino kilikuwa huru. Kijana huyo akianguka, mguu ulichomoka, skii ikaelea kando, naye akaogelea kuifuata. Kwa habari ya usalama, ukanda ule ulikuwa kama msuruaki wa mtalawanda. Lakini kasoro zake pia zilikuwa za mtalawanda. Ngozi ikilowa hulegea, na ikikauka juani hukakamaa. Tena mguu usiokamatwa kisigino hauwezi kuulazimisha ubao kugeuka kwa ghafula. Huenda ukageuka mguu peke yake. Kwa kwenda moja kwa moja nyuma ya boti, ulitosha.

Samuelson hakutosheka na kwenda moja kwa moja. Tarehe 8 Julai 1925 aliruka kutoka juu ya jukwaa la mbao lililoinama majini, baada ya kulipaka mafuta ya nguruwe ili skii zisikwame. Mwaka huo huo alivutwa na ndege ya majini, na yasemekana mwendo wake ulifika maili 80 kwa saa. Fikiri mtu aendaye mwendo huo juu ya mbao mbili, miguu imeshikwa kwa kipande cha ngozi! Watu walikuja kumtazama, wakapiga makofi, wakarudi kwao. Hakuandikisha uvumbuzi wake serikalini, wala hakufungua kiwanda.

Mwaka huo huo wa 1925, tarehe 27 Oktoba, mtu mwingine alipata hataza ya skii za majini. Jina lake lilikuwa Fred Waller, wa jimbo la New York, mtu mwenye akili nyingi aliyefanya kazi ya picha za sinema, na ambaye baadaye alibuni Cinerama, sinema ya pazia pana iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1952. Skii zake alizipa jina la Akwa-Skees, akaziuza. Basi kwa miaka mingi aliyetaka kujua nani alianzisha mchezo huu alifungua daftari la hataza, akakuta jina la Waller. Karatasi ilikuwapo, na mtu wa Lake City hakuwa na karatasi. Samuelson mwenyewe alivunjika mgongo kazini, akaacha mchezo, akafuga bata mzinga.

Mwaka 1963 mwandishi wa gazeti la mji wa St. Paul alipita Lake City akaona mbao mbili kuukuu zimetundikwa ukutani katika nyumba ya waogaji kando ya ziwa, ndefu, nzito, zenye ncha zilizopindwa. Akauliza habari zake, akaelekezwa kwa mzee aliyezitengeneza, akaandika. Chama cha mchezo huo cha Marekani kilichunguza neno hilo, na mwaka 1966 kikamkubali Samuelson kuwa ndiye aliyeanza. Alikufa mwaka 1977, kwa hiyo aliishi miaka 11 akiitwa kwa haki yake. Utakaposoma historia shuleni, utaambiwa mara nyingi kwamba ushahidi ni maandishi. Mimi naona katika habari hii ubao uliopigiliwa ukutani ulisema mambo ambayo daftari la serikali halikuyajua. Na laiti nyumba ile ingalibomolewa mwaka mmoja mapema, pengine tungalikuwa tukimsifu Waller hata sasa, bila ya yeye kuwa na kosa lolote.

Turudi kwenye kifungo. Ngozi iliachwa polepole, na mpira ukashika mahali pake. Mpira una tabia mbili ambazo ngozi haina: haulegei ukilowa, tena huvutika na kurudi. Kifungo cha mpira kilikuwa na sehemu mbili, moja ya kufunika mgongo wa mguu, vidole vikitokeza mbele, na nyingine ya kukikumbatia kisigino. Sehemu ya kisigino iliweza kusogezwa mbele na nyuma juu ya kibao cha chuma, hata skii moja ikawafaa baba, mama na watoto. Mtu akianguka, uzito wa mwili wake huuvuta mpira, mpira huvutika, mguu huchomoka.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Asia ya mashariki, mpira ukawa haba. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, na tarehe 15 Februari Singapore ikaanguka, na kwa kuanguka kwake sehemu kubwa ya mpira wa mti ulimwenguni ilitoka mikononi mwa Waingereza na Wamarekani. Huko Marekani matairi yalianza kugawiwa kwa kipimo tangu Januari 1942; nani angepata mpira wa kuchezea majini? Lakini wakati huo kulikuwa na mpira wa kutengenezwa kiwandani. Neoprini, iliyopatikana katika maabara za kampuni ya DuPont mwaka 1930, haiharibiki upesi kwa jua wala kwa mafuta ya injini, na baada ya vita ikawa kitu cha kawaida katika vifungo vya skii.

Yaliyobadili mambo zaidi, hata hivyo, ni mashindano. Mashindano ya kwanza ya taifa huko Marekani yalifanyika mwaka 1939 mahali paitwapo Jones Beach, karibu na New York. Na ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1949 Juan-les-Pins, kusini mwa Ufaransa. Miongoni mwa michezo hiyo mna mmoja uitwao slalomu. Boti hupita katikati ya njia iliyonyoka yenye urefu wa mita 259. Kando ya njia hiyo yamewekwa maboya 6, matatu kila upande, kila moja umbali wa mita 11.5 kutoka katikati. Mtelezaji sharti ayazunguke yote kwa nje, la kulia, la kushoto, la kulia tena, mpaka mwisho, huku boti ikienda mbele bila kumngoja. Kwa wanaume mwendo wake hufika kilomita 58 kwa saa, maana yake safari yote huchukua sekunde 16 tu.

Mtu akifaulu kwa mwendo huo, kamba hufupishwa, naye hurudia. Mwanzoni ina urefu wa mita 18.25, hupunguzwa hatua kwa hatua mpaka mita 11.25, kisha hupunguzwa tena. Simama hapo, msomaji, ufanye hesabu. Boya liko mita 11.5 kutoka katikati, na kamba iliyofungwa katikati ya boti ina mita 11.25. Kamba haifiki! Mtelezaji huongeza urefu uliobaki kwa mwili wake mwenyewe: hulala karibu na uso wa maji, mkono mmoja umenyooka kwenye kamba, na skii yake hulizunguka boya ilhali kichwa chake kiko ndani yake. 

Zamani watu walijaribu mchezo huo kwa skii mbili. Ilionekana baadaye kwamba skii moja hugeuka upesi zaidi, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na chini ya mkia pezi la chuma kama la samaki. Ndipo kifungo kilipokuwa jambo zito. Akiwa na skii mbili, kila mguu una ubao wake, na kila mmoja hutoka kwa wakati wake. Akiwa na skii moja, miguu miwili imefungwa katika ubao mmoja. Mguu mmoja ukitoka na wa pili ukabaki, ule uliobaki umekamatwa na wenzo wenye urefu wa futi 5 na zaidi, unaosukumwa na maji. Kifundo cha mguu hakikuumbwa kustahimili hivyo. Watu wamevunjika mifupa na kukatika kano za kisigino kwa njia hiyo, nao si wageni wa mchezo, bali mabingwa.

Kwa hiyo ukipata siku moja nafasi ya kuchagua kifungo, usianze kwa kuuliza kipi kinashika sana. Anza kwa kujua mguu upi utakaa mbele. Njia iliyo nzuri ni kuteleza kwanza kwa skii mbili, ukainua mguu mmoja kidogo, kisha wa pili. Ule unaoweza kusimama juu yake bila kuyumba ndio wa mbele. Mwanafunzi hufaa kufunga mguu wa mbele vizuri, kwa kifungo chenye kisigino, na mguu wa nyuma autie chini ya ukanda tu, kama gidamu. Kwa hiyo mguu wa nyuma hutoka wakati wowote, na wa mbele huufuata. Aliyekwisha kukomaa huweza kutumia viatu viwili kamili, lakini sharti vilingane: ama vyote viwili viachie, ama vyote viwili vishike. Wako waliofunga viatu vyote viwili vigumu juu ya bamba moja, na bamba hilo likashikizwa kwenye skii kwa kitambaa cha vijindoano. Mtu akianguka vibaya, bamba zima hung'oka na miguu yote miwili hutoka pamoja. Naona hiyo ndiyo fikira bora iliyopatikana katika habari hii tangu mwaka 1922, kwa kuwa inakiri kwamba miguu miwili juu ya ubao mmoja ina hatima moja.

Kifungo kizuri huubana mguu bila kuuumiza. Cha mpira huingia kwa maji na sabuni. Kikiingia kikavu bila taabu, ni kipana mno.

Baada ya kuchagua, kazi ya kukifunga ubaoni ni kazi ya seremala mwenye subira. Skii ya siku hizi ina matundu yaliyotengenezwa kiwandani yenye nyuzi za chuma ndani. Usitoboe mengine, maana maji yakiingia ndani ya skii huiharibu. Pima kutoka mwisho wa mkia hadi nyuma ya kisigino cha kifungo cha mbele. Kwa skii yenye urefu wa inchi 66 au 67, kipimo hicho huwa kama inchi 29 au 30, lakini fuata kilichoandikwa na mtengenezaji. Robo inchi huonekana kitu kidogo juu ya meza. Majini si kidogo. Ukisogeza kifungo mbele kupita kiasi, ncha ya skii huingia majini na kuuma wakati wa kugeuka, nawe hutupwa mbele. Ukikirudisha nyuma kupita kiasi, ncha huinuka, mkia huzama, na skii huwa nzito kugeuka kama jahazi lililopakiwa tezini. Kifungo cha nyuma kikae karibu na cha mbele, katika mstari wa katikati.

Parafujo ziwe za chuma kisichoshika kutu, na urefu wake uwe sawasawa: fupi mno hazishiki, ndefu mno husukuma tumbo la skii kwa ndani. Zianze zote kwa mkono kabla ya kuchukua bisibisi, ndipo uzikaze kidogo kidogo kwa zamu. Kisha andika kipimo ulichokitumia. Kabla ya kuingia majini, keti ufukweni uvae vifungo, umwambie mwenzio aushike ubao kwa nguvu, nawe uvute kila mguu. Ikiwa mguu mmoja hutoka na mwingine hubaki kama uliotiwa saruji, rudi ukabadili. Hata vikiwa sawa, baada ya safari ya kwanza ya siku chukua tena bisibisi uzitazame parafujo, kwa maana mtetemo wa maji huzilegeza. Na ikiwa umeteleza baharini, suuza kila kitu kwa maji baridi ya bomba kabla chumvi haijakauka.